Moshi wa Mashine: Namna ya Kuutambua Ugonjwa wa Injini Ndogo ya Dizeli Kabla ya Kuifungua

Katika vijiji vya Kata ya Endasak, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Wilaya ya Hanang, injini ndogo ya dizeli yenye silinda moja ndiyo inayosaga mahindi, inayokamua alizeti, inayovuta maji na inayoendesha pawatila. Nyingi zimekwisha kutumika kwa miaka mingi. Zipo zile nzito za kusimama za muundo wa Lister, ambazo asili yake ni Uingereza na ambazo baadaye viwanda vya India viliendelea kuziiga. Zipo pia za Kichina ambazo silinda yake imelazwa na maji yake hukaa katika tangi lililo wazi juu ya injini. Aina mashuhuri katika kundi hili la pili ni S195, yenye silinda ya kipenyo cha milimita 95 na nguvu za farasi 12 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika. Pawatila nazo ziliongezeka vijijini baada ya azma ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, na zile za wakati huo sasa ni mashine kuukuu.

Injini ya namna hii haifi ghafla. Kwanza hutoa moshi, kisha huwa ngumu kuwaka asubuhi, halafu hupungukiwa nguvu hadi mzigo wa kawaida unaishinda. Mara nyingi mmiliki huuona moshi, fundi husema ringi zimekwisha, injini hufunguliwa, ringi mpya hutiwa, na baada ya wiki chache moshi hurudi. Fedha imekwenda, msimu wa mavuno umefika, na wananchi wanabeba magunia yao kwenda kijiji cha jirani. Makala haya yanaeleza hatua ambazo mmiliki anaweza kuzifuata, peke yake au pamoja na fundi wake, ili ajue kilichoharibika kabla ya kununua kipuri chochote.

Jambo la kwanza ni rangi. Moshi mweusi maana yake ni dizeli nyingi kwa hewa kidogo. Moshi wa buluu, wenye harufu ya mafuta yaliyoungua, maana yake ni oili inayoingia mahali pa kuchomea. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli ni mafuta yaliyopita bila kuungua. Mweupe usionuka, unaopotea hewani upesi, ni mvuke wa maji. Asubuhi za Juni na Julai, kunapokuwa na baridi kali, moshi mweupe wa dakika chache za mwanzo si ugonjwa. Ukiendelea baada ya injini kupata joto, hapo ndipo pa kuanza kuuliza maswali.

Moshi mweusi ndio unaowatia watu hofu zaidi, na ndio ambao mara nyingi hauhitaji injini kufunguliwa hata kidogo. Chujio la hewa lililojaa vumbi hutosha kuuleta. Mzigo uliozidi huuleta pia: chekeche la kinu lililoziba, nyundo zilizoisha makali, au mkanda uliokazwa kupita kiasi. Njia rahisi ya kutenganisha mambo haya ni kuvua mkanda na kuiacha injini izunguke bila mzigo. Moshi ukikoma, atazamwe kwanza kinu, si injini. Ikumbukwe pia kwamba maeneo mengi ya nyanda za Hanang yapo mita 1,500 au zaidi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Mashine inayofanya kazi safi Tanga itatoa moshi hapa ikipewa mzigo uleule. Fundi anayeongeza dizeli ili kurudisha nguvu hizo zilizopotea huongeza moshi na joto tu. Endapo moshi mweusi unabaki hata bila mzigo na chujio ni safi, anayeshukiwa ni nozeli, au nozo kama mafundi wengi wanavyoiita, inayodondosha dizeli badala ya kuinyunyiza kama ukungu.

Nozeli ipimwe kwa kifaa chake, na asiwepo mtu wa kuweka kidole mbele yake. Dizeli hutoka hapo kwa msukumo unaozidi mara 100 ule wa hewa ya kawaida, na hupenya ngozi ikaacha tundu dogo lisilouma sana mwanzoni. Aliyepatwa na jambo hilo apelekwe hospitali saa ileile na aeleze kwamba ni dizeli iliyoingia mwilini, kwa maana jeraha hilo linaweza kumgharimu mkono.

Moshi wa buluu una sababu mbili za bure ambazo lazima ziondolewe kwanza. Moja ni oili iliyozidi kipimo. Injini iwekwe mahali palipo sawa, izimwe, isubiriwe dakika kadhaa, kisha kijiti kisomwe. Oili ikionekana kupanda yenyewe bila kuongezwa, inuswe, kwa kuwa huenda dizeli inavuja ndani. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Sababu ya pili husahaulika sana. Injini nyingi za aina hii zina chujio la hewa lenye bakuli la oili, na bakuli hilo lina alama ya kipimo. Anayelijaza hadi juu kwa kudhani anaisaidia mashine anaifanya ivute oili hiyo moja kwa moja na kuichoma. Wapo waliobadilisha ringi kwa kosa la kijiko kimoja cha oili.

Sababu hizo zikishaondolewa na moshi wa buluu ungalipo, ni wakati wa kupima mgandamizo. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Huwaka kwa sababu hewa iliyobanwa hadi sehemu moja ya 20 hivi ya nafasi yake hupata joto la kuweza kuwasha dizeli. Hewa ikivuja, joto hukosekana. Kipimo hiki hakihitaji chombo cha bei. Injini ikiwa imezimwa na dizeli imefungwa, izungushwe polepole kwa mkono, wenzo wa kupunguza mgandamizo ukiwa umeachiwa. Injini nzima hukataa: gurudumu hufika mahali likagoma, na likisukumwa kidogo hurudi nyuma kama chemchemi. Injini iliyochoka hupita mahali hapo kwa urahisi huku ikitoa sauti ya hewa inayovuja.

Sauti hiyo ndiyo inayosema ukweli, na inafaa kusikilizwa kwa utulivu, bila redio wala kinu cha jirani. Ikisikika kwenye bomba la moshi, valvu ya kutolea moshi haikai vizuri. Ikisikika kwenye chujio la hewa, ni valvu ya kuingizia. Mapovu yakitokea katika tangi la maji, gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi ina ufa. Hewa ikitokea kwenye tundu la kujazia oili, hapo ndipo pa kusema kwamba ringi, pistoni au laina zimelika. Valvu isiyokaa huweza kusagwa na kurudishwa kwa gharama ndogo sana kuliko ile ya kubadilisha pistoni, na kabla ya hapo mwanya wake urekebishwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha mashine.

Wapo mafundi wanaothibitisha ringi kwa kumimina kijiko cha oili ndani ya silinda na kuzungusha tena. Mgandamizo ukipanda, ringi ndizo mbovu. Kwa Lister iliyosimama kipimo hiki ni kizuri. Kwa S195 kinadanganya kidogo, kwa kuwa silinda imelala na oili hukaa upande wa chini tu. Isizidishwe kijiko kimoja, maana kimiminika hakibanwi na konrodi inaweza kupinda.

Sasa injini imefunguliwa kwa haki. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Ncha ya ukucha ipitishwe ndani ya laina, kuanzia juu kwenda chini. Kama ukucha unakwama kwenye ngazi karibu na mdomo wa laina, chuma kimelika pale ringi ya juu inapogeukia. Kisha ringi moja itolewe kwenye pistoni, iingizwe ndani ya laina na kusukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, na mwanya wa ncha zake upimwe kwa fila geji. Kanuni ya mafundi kwa ringi mpya ni milimita 0.3 hadi 0.4 kwa kila milimita 100 za kipenyo. Ringi hiyohiyo ipimwe mara mbili: mahali palipolika zaidi, na chini kabisa ambapo ringi hazifiki. Tofauti ya vipimo hivyo viwili igawanywe kwa 3.14. Tuseme juu mwanya ni milimita 1.4 na chini ni 0.5. Tofauti ni 0.9, na ikigawanywa, laina imepanuka kwa karibu milimita 0.29. Laina ya namna hiyo haitazibwa na ringi mpya. Ringi ni mpya lakini tundu si duara tena, na ringi ya juu ikigonga ile ngazi huvunjika. Hiyo ndiyo siri ya moshi unaorudi baada ya wiki chache.

Heri ya S195 ni kwamba laina yake huchomolewa. Laina, pistoni na ringi huuzwa pamoja kama seti, na kazi hiyo haihitaji karakana kubwa. Mipira ya laina ibadilishwe kila mara, la sivyo maji yatateremka kwenye oili. Ncha za ringi zisipangwe mstari mmoja. Nati za hedi zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa spana ya kupimia nguvu. Beringi za konrodi ziangaliwe wakati huohuo. Krenki iliyolika ikihitaji kuchongwa, hiyo si kazi ya chini ya mwembe, na mmiliki afike karakana yenye mashine ya kuchonga, ikiwemo kuulizia ofisi ya SIDO mkoani, mjini Babati.

Lakini kabla ya kufunga, iulizwe ni nini kilichoila laina hiyo. Kwa kawaida jibu ni vumbi. Injini ya ukubwa wa S195 ikizunguka kwa kasi yake kamili huvuta karibu lita 800 za hewa kila dakika, yaani zaidi ya mita za ujazo 45 kwa saa moja. Katika kiangazi, pembeni mwa barabara ya vumbi au nyuma ya pawatila inayolima udongo mkavu, hewa hiyo imebeba mchanga laini usioonekana, nao ukichanganyika na oili huwa ni msasa. Mpira wa kuunganisha chujio na injini ukiwa na ufa, chujio safi halina kazi. Seti mpya ya laina ikifungwa nyuma ya mpira uliopasuka itaisha kama ile ya kwanza, na mapema zaidi.

Ipo hatari moja ambayo kila mwendesha mashine anapaswa kuijua. Injini iliyolika sana, au iliyojazwa oili kupita kiasi, huweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe na kukimbia bila kuzuilika. Kufunga dizeli hakusaidii, kwa sababu haiitumii tena. Dawa ni kuinyima hewa: ubao mpana ubandikwe kwenye mdomo wa hewa hadi izimike, bila kutumia kiganja wala nguo nyepesi inayoweza kufyonzwa ndani. Watu waondoke upande wa gurudumu na mkanda. Ubao huo uwekwe karibu na injini siku zote, kwa kuwa jambo hilo likitokea hakuna muda wa kuutafuta.

Bomba la moshi lipite nje ya jengo na juu ya paa. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na wanaosubiri unga mlangoni mwa kinu mara nyingi ni akina mama na watoto.

Vikundi vinavyopata mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, wakati mwingine huchagua mashine iliyokwisha kutumika. Kikundi kifike kwa muuzaji asubuhi na mapema, na kiiguse injini kabla ya kuwashwa. Injini yenye joto imekwisha kuandaliwa kwa ajili ya wageni. Izungushwe kwa mkono kwanza, isikilizwe, kisha iwashwe na kupewa mzigo kwa nusu saa huku kifuniko cha tundu la oili kikiwa wazi. Hewa ikipuliza hapo kwa nguvu na moshi wa buluu ukaongezeka kadiri mzigo unavyoongezeka, bei ya seti ya laina, pistoni na ringi pamoja na ufundi itolewe katika bei inayotajwa, au kikundi kitafute mashine nyingine.