Usimuulize Mzee Aliua Wangapi

Muhula uliopita darasa letu la Historia lilipewa kazi ya kukusanya simulizi za wazee waliopigana Vita vya Kagera. Nikafurahi, maana mzee ninaye nyumbani: mdogo wake babu, mgambo aliyeingizwa jeshini mwishoni mwa 1978. Nikajua hii ni kazi ya siku moja. Nikachapa hojaji ya maswali 22, nikachaji simu, nikapanda basi la Bukoba.

Baada ya shikamoo na kahawa ya kutafuna, nikafungua karatasi. "Babu, eleza mchango wako katika vita." Akakaa vizuri, akanijibu kama redio. Amin alituvamia Oktoba 1978, daraja la Kyaka likabomolewa, Mwalimu akatangaza kwamba tutampiga, tukampiga, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Dakika kumi, basi. Yote ni kweli, na yote yamo maktaba.

Nikaona nichokonoe. "Babu, wewe mwenyewe uliua watu wangapi?"

Hakunigombeza. Alisema anakwenda kuangalia mbuzi. Hakurudi mpaka magharibi, na bibi akaniambia nisijisumbue, leo haongei tena.

Wanachuo wenzangu, swali lile nililitoa kwenye filamu, halikutoka kwenye somo. Aliyepigana akiulizwa hivyo anaona umemgeuza kuwa ama shujaa wa sinema ama muuaji, na yeye si yeyote kati ya hao. Lile swali la "mchango" nalo lina kasoro yake: limevaa suti. Mzee analijibu kwa hotuba, kwa sababu umeanza kwa hotuba.

Siku ya tatu nilikuwa namenya ndizi na bibi. Babu akapita akilalamikia viatu vyake vya shamba. Nikauliza tu, bila karatasi: "Kule vitani mlivaa nini miguuni?" Akacheka, akavuta kigoda.

Kumbe sehemu kubwa ya jeshi letu ilikwenda Kampala kwa miguu! Nilishasoma kwamba JWTZ lilipanuliwa haraka kwa kuchukua maelfu ya mgambo, polisi na wengineo, ila kusoma "lilipanuliwa" si sawa na kumsikia mtu akieleza malengelenge. Alisema walitembea usiku, wakilala mchana migombani. Alieleza namna ya kukausha soksi kwa joto la tumbo. Alitaja makombora ambayo Waganda waliyaita saba saba, na jinsi yalivyompa moyo kila yalipopita juu kuelekea mbele. Kisha akasema, "Buti langu moja lilibaki Lukaya."

Lukaya iko kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, nayo barabara inapita katikati ya kinamasi. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 majeshi ya Amin pamoja na Walibya waliishambulia Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wasiowahi kuona vita. "Tulikimbia," babu akasema. "Wengi wetu tulikimbia. Mimi nililala kwenye mafunjo, maji mpaka kifuani." Siku ya pili Brigedi ya 208 ilizunguka ikatokea nyuma ya adui, waliotawanyika wakakusanywa, mambo yakageuka.

Bibi alikuwa ameacha kumenya. Miaka yote ya ndoa alikuwa hajaisikia hiyo.

Hapo ndipo nilipopata mtihani wenyewe. Simu haikuwa inarekodi, na nikiiwasha nitakata maneno. Nikaiacha. Usiku nikaandika nilivyokumbuka, asubuhi nikamsomea. Akasahihisha sehemu mbili, akanyamaza, akauliza, "Utaandika kwamba tulikimbia?" Nikamwambia uamuzi ni wake. Kila tarehe 25 Julai anakwenda kwenye kumbukumbu ya mashujaa akiwa na wenzake, nilielewa anachopima. Mwisho akasema, "Andika. Jina liache."

Kuna jambo moja tulibishana. Yeye anashikilia kwamba alikaa kwenye mafunjo usiku mbili. Nilivyosoma mimi, ni usiku mmoja. Mwenzangu mmoja alinishauri nimrekebishe kimyakimya ili nisipoteze alama. Sikufanya hivyo. Niliandika usiku mbili alivyosema, kisha nikaweka tarehe za vitabuni pembeni, msomaji ajionee. Kosa la mzee kuhusu muda nalo ni habari ya usiku ule, na ukilifuta hakuna atakayejua ulikuwa mrefu kiasi gani kwake.

Wale waliokuwa na miaka 20 mwaka ule sasa wanakaribia 70 au wameshapita. Bumu likitoka narudi Bukoba, hojaji nimeshaifungia maandazi. Babu bado hajanieleza walirudije nyumbani, na safari hii nitaanza kwa kuuliza nani alimpokea mlangoni.