Dawa ya mafua imeayo kando ya msitu wa Kakamega

Msomaji, mara ya mwisho ulipobanwa na mafua huenda ulinunua kikopo cha dawa ya kujipaka kifuani. Ile harufu kali inayokufanya uhisi pua imezibuka aghalabu ni ya kafuri, ambayo watu wa Pwani wanaijua zaidi katika kuosha maiti. Kafuri nyingi ya madukani hutengenezwa viwandani. Hata hivyo, kuna mmea wa kwetu unaoitoa katika majani yake. Ni kichaka cha jamaa ya kivumbasi na mrihani, na wataalamu hukiita Ocimum kilimandscharicum.

Wakulima wa kundi la Muliru, kando ya msitu wa Kakamega, waliamua kukilima mashambani mwao. Wakishirikiana na taasisi ya utafiti ya ICIPE, walijifunza kuyakausha majani na kuyapitisha katika mvuke. Mvuke ukipozwa hugeuka maji, na mafuta hutengana nayo. Mafuta hayo ndiyo yaliyotumiwa kutengeneza dawa ya kupaka iitwayo Naturub, na mwaka 2010 kundi hilo lilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mbona wasiende tu msituni kuchuma? Kakamega ni msitu wa mvua wa namna ya ile ya Kongo, na hapa Kenya ndio kipande kikubwa cha mwisho. Umezungukwa na vijiji vyenye watu wengi, ambao hutafuta humo kuni, malisho na dawa. Dawa nyingine huchukuliwa kwa njia inayoua mmea. Gome la muthiga, ambalo wengi hulitafuna kwa ajili ya kikohozi, likibanduliwa kuuzunguka mti wote, mti hufa, kwani chakula kutoka majanini hushuka mizizini kupitia gome. Muiri, ambao gome lake hupelekwa ng'ambo kutengenezea dawa za tezi la wanaume wazee, ulidhoofika kiasi kwamba tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Na mukombero unaoutafuna mjini ni mzizi: anayeung'oa wote amemaliza mmea. Bahati njema, huo nao hukubali kupandwa shambani.

Kichaka cha kafuri hakina shida hiyo. Kikate matawi leo, kitachipuka tena. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo iliyokuwa busara kubwa ya watu wa Muliru, kuchagua dawa iliyo katika jani.

Sasa tuje nyumbani kwako. Dawa yenye kafuri haiui virusi vya mafua. Huamsha mishipa ya fahamu puani ukahisi hewa inapita vyema, na ngozini hutuliza maumivu ya misuli kwa muda. Hiyo ni nafuu ya kweli, mradi usiitarajie zaidi. Usiipake ndani ya pua, karibu na macho wala kwenye kidonda. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipakwe kabisa. Kafuri ikimezwa, hata kidogo, yaweza kumtia mtoto degedege, kwa hivyo kikopo kisikae mahali anapofikia. Akimeza, mkimbize hospitalini; usimtapishe.

Tena, akina mama, kifua cha mtoto kisiwadanganye. Mhesabuni pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mwenye umri wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, huenda ni nimonia. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, usingoje kuche. Hapo hakuna dawa ya kupaka itakayofaa.

Ukitaka kukiotesha kichaka chenyewe, tafuta mbegu au kijiti kwa mwenye nacho, ukipande kwenye debe lililotobolewa chini na kuwekwa juani. Majani yake hutundikwa nyumbani kufukuza mbu, desturi ya zamani, lakini neti ya kitanda usiitoe. Mafuta yake usijaribu kuyatengeneza jikoni, maana huna njia ya kupima kiasi cha kafuri kilichomo. Nunua yaliyopimwa, na usome kibandiko kabla ya kulipa.