Mshiriki Akisema Basi

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa saikolojia wanaojiandaa kwenda uwandani kwa mara ya kwanza. Ninaposoma andiko la utafiti, kabla sijafika kwenye takwimu, natafuta jambo moja: anayechunguzwa akichoka, akiogopa au akibadili nia, ana njia ya kujitoa? Naona mengine yote ya maadili yanaanzia hapo.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mshiriki akishatia saini fomu ya ridhaa, si suala la maadili limekwisha?

Marahaba. Ndiyo kwanza limeanza. Chukua jaribio la Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, lililochapishwa mwaka 1963. Wanaume 40 walikuja kwa hiari yao, wakalipwa dola 4 na senti 50, na wakaambiwa fedha hiyo ni yao kwa kufika tu. Waliamini wanasaidia uchunguzi wa kumbukumbu: mwenzao wa chumba cha pili akikosea jibu, wampige mshtuko wa umeme, kuanzia volti 15 hadi 450. Umeme haukuwepo, na huyo mwenzao alikuwa mwigizaji. Watu 26 walifika mwisho wa mashine.

Jaribio hili hufundishwa kama somo la utii. Mimi nalisoma pia kama somo la ridhaa. Wengi walitaka kuacha. Walitoka jasho, walitetemeka, wengine walicheka kicheko cha wasiwasi, wakamgeukia msimamizi wakimtazamia awaruhusu. Msimamizi alikuwa na majibu yaliyopangwa tangu mwanzo, na yote yalimhimiza mtu aendelee. Kila “basi” ya mshiriki ilishatayarishiwa jibu la kuizima. Mwaka 1964 mwanasaikolojia Diana Baumrind alimkosoa Milgram kwa maandishi, na Milgram akajitetea kwamba washiriki walielezwa ukweli baadaye. Gina Perry wa Australia, alipopekua kumbukumbu za Yale miaka mingi baadaye, alionyesha kuwa wengi waliondoka siku ile bila kuelezwa ukweli wote.

Jerry Burger alipolirudia jaribio hilo, akachapisha mwaka 2009, aliwachuja kwanza watu wanaoweza kudhurika, akawakumbusha zaidi ya mara moja kuwa wanaweza kuacha na fedha ikabaki yao, na akasimamisha kila kitu kwenye volti 150. Alijifunza mengi bila kumfikisha mtu kwenye 450.

Swali: Kwa hiyo kumficha mshiriki lengo la utafiti ni kosa siku zote?

La. Kuna kuficha kwa faida ya mtafiti, na kuna kuficha kunakomlinda mtu. Shirika la Afya Duniani liliratibu utafiti wa ukatili dhidi ya wanawake katika nchi kadhaa, na kwa Tanzania ulifanyika Dar es Salaam na Mbeya. Ripoti ilitoka mwaka 2005. Fikiria hatari iliyokuwepo. Mwanamke anayepigwa na mumewe anaulizwa kuhusu kipigo hicho nyumbani kwake, pengine kwenye chumba cha kupanga ambacho ukuta wake hauzuii sauti. Mume akijua, mahojiano yenyewe yataleta kipigo kingine.

Ndiyo maana miongozo ya shirika hilo ilitaka utafiti usitangazwe mtaani kwa jina la ukatili. Ulitambulishwa kama utafiti wa afya ya wanawake na maisha yao. Katika kila kaya alihojiwa mwanamke mmoja tu, asiwepo wa pili wa kuvujisha kilichoulizwa. Mtu akiingia ghafla, mhojaji hubadili mazungumzo na kuuliza mambo ya afya yasiyo na hatari. Wahojaji walipewa mafunzo marefu, na anayehitaji msaada alielekezwa pa kuupata.

Lakini mwanamke mwenyewe, akiwa faragha, alielezwa kuwa baadhi ya maswali ni mazito na kwamba anaweza kuruka swali au kukatisha mahojiano. Aliyefichwa ni mume na jirani. Kwa Milgram, aliyefichwa ndiye aliyetetemeka. Nikiletewa andiko lenye hila ndani yake, nauliza hila hiyo inamkinga nani, na mshiriki ataelezwa ukweli saa ngapi. Jibu ninalolikubali ni siku ile ile, kabla hajaondoka.

Swali: Mwenyekiti wa mtaa alinitambulisha vizuri, akawaambia watu wanipokee. Naweza kuhesabu hiyo ni ridhaa?

Hiyo ni heshima, na bila heshima hiyo hufanyi kazi. Kibali cha tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, barua za mkoa au kaunti, kisha mwenyekiti au chifu: vyote hivyo vinakupa ruhusa ya kupiga hodi. Wa kukukaribisha ni mwenye nyumba. Tena kiongozi akiwa amesimama pale, mtu huona tabu kukataa. Atadhani kukataa kwake kutakumbukwa siku ya kugawa msaada. Mshukuru mwenyekiti, mwombe kwa adabu akuache, halafu rudia maelezo yako yote kwa lugha inayozungumzwa nyumbani humo, na sema waziwazi kuwa hakuna atakayepelekewa majina ya waliokataa.

Kisha sikiliza vizuri. Watu wetu wengi hawasemi “sitaki” mbele ya mgeni. Wanasema “tutaona”, “njoo wiki ijayo”, “mpaka mzee arudi”. Hayo ni majibu. Mtafiti anayerudi na kurudi mpaka akubaliwe ameondoka na saini ya mtu aliyechoka kumkatalia.

Watafiti wengi wa Pwani wamewahi kusikia wakiitwa mumiani, wanyonya damu. Wengine huchukua hilo kama ujinga wa kuelimishwa. Sikubaliani nao. Hofu ya mumiani ilienea Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, watu walipoona wageni wenye madaraka wakichukua vitu kwao bila kuwaeleza vinakwenda wapi. Anayekuja na dodoso, akaandika idadi ya watoto wako na huzuni zako, asirudi tena hata kukuambia alichogundua, anaendeleza hadithi hiyo mwenyewe.

Swali: Mtoto mchanga hajui kusema hapana. Ruhusa ya mzazi inatosha?

Inahitajika, lakini haitoshi. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner wa Johns Hopkins, Baltimore, walichapisha jaribio lao juu ya mtoto waliyemwita Albert, aliyekuwa na umri wa miezi 11 hivi. Kila alipomgusa panya mweupe, walipiga nondo ya chuma kwa nyundo nyuma yake. Baada ya kurudiarudia, mtoto akawa analia kwa kumwona panya tu. Aliondoka hospitalini bila wao kuiondoa hofu waliyompandikiza. Kilio chake kilikuwa “basi” iliyo wazi kabisa, nao wakaiandika kama matokeo.

Mlinganishe na Mary Ainsworth. Miaka ya 1954 na 1955 alikuwa Uganda, akiwatembelea akina mama wa Kiganda majumbani mwao kuangalia watoto wanavyojenga mapenzi na mama zao. Baadaye, huko huko Baltimore, aliunda utaratibu ambao mama humwacha mtoto wa mwaka mmoja kwa muda mfupi katika chumba kigeni, ili ionekane anavyompokea akirudi. Utaratibu huo nao huwaliza watoto. Lakini kila kipindi cha kutengana ni dakika tatu tu, na mtoto akilia sana kinakatizwa, mama anarudishwa mara moja. Hapo kilio kimepewa mamlaka ya kusimamisha kazi. Hata hivyo, nikiombwa kibali cha kuuleta utaratibu huo kwetu, nitauliza kwanza hao watoto wamezoea nini. Mtoto anayepokezanwa na bibi, shangazi na dada zake huenda hajawahi kuachwa chumbani na mtu asiyemjua hata mara moja, na kwake dakika tatu ni nyingi.

Swali: Tunagawa washiriki makundi mawili, moja linapata msaada na jingine halipati. Hilo ni haki?

Hili ni gumu, na wenye busara wanatofautiana. Huko Bucharest, Romania, watafiti walichukua watoto 136 waliokuwa wakiishi katika vituo vya watoto walioachwa, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea, nusu wakabaki chini ya malezi ya kawaida ya vituo. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa walioondolewa mapema. Sasa, kwa nini wasiondolewe wote? Watafiti walijibu kuwa huduma ya familia za kulea ilikuwa karibu haipo mjini humo, wao wenyewe waliianzisha, na hakuna mtoto aliyenyang’anywa kitu alichokuwa nacho. Muhimu zaidi, hawakumzuia yeyote wa kundi la pili: mtoto akipata ndugu au familia, aliruhusiwa kuondoka, hata kama ulinganisho wao ungedhoofika.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalonifanya niutetee utafiti ule. Kinyume chake ni Tuskegee, Alabama. Tangu 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida. Kuondoka kulikuwa kupona, nao wakazuiwa kupona. Kashfa hiyo ndiyo iliyozaa Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, yenye nguzo zinazotajwa hadi leo: kumheshimu mtu, kumtendea wema, na haki.

Swali: Wanyama je? Sokwe au panya atatoaje ridhaa?

Hawezi kuitoa, ila kukataa anaweza. Anajificha, anapiga kelele, anauma, anakataa kula. Harry Harlow wa Wisconsin, katika miaka ya 1950, aliwatenga watoto wa kima aina ya rhesus na mama zao, akawapa “mama” wawili wa bandia: wa waya mwenye maziwa na wa kitambaa asiye nayo. Watoto walimng’ang’ania wa kitambaa. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, uliowaonyesha watu kuwa mtoto anahitaji kukumbatiwa na si kulishwa tu. Baadaye Harlow akawafungia wengine peke yao kwa miezi mingi, hata mwaka, mpaka wakaharibika kabisa. Baada ya kuonekana mara ya kwanza kwamba upweke unawavunja, sioni alichotafuta mara zilizofuata.

Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walipendekeza kanuni inayotumika sasa duniani: mbadilishe mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi yao, na rekebisha mbinu ili maumivu yapungue. Mfano ninaoupenda uko karibu nasi, kisiwa cha Ngamba, Ziwa Victoria, Uganda, wanakotunzwa sokwe waliookolewa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, sokwe walipewa kazi ya kuvuta ncha mbili za kamba kwa pamoja ili wafikie chakula. Kazi ilipohitaji sokwe wawili, sokwe alimfungulia mwenzake mlango aje kusaidia, tena alimchagua yule hodari zaidi. Siri hiyo ya akili ya sokwe ilipatikana kwa matunda, kamba na mlango, bila maumivu.

Hata kutazama tu kuna madhara yake. Huko Gombe, Tanzania, ndizi ambazo watafiti waliwapa sokwe katika miaka ya 1960 ili wawazoee watu ziliwaongezea ugomvi. Huko Mahale, wageni huvaa barakoa wasiwaambukize sokwe mafua.

Swali: Kamati za maadili hazitucheleweshi tu?

Huchelewesha, na fomu zao nyingine ni ndefu kupita kiasi. Lakini kumbuka Philip Zimbardo, Stanford, 1971. Aliunda gereza la kuigiza kwa wiki mbili, akawapanga wanafunzi kuwa wafungwa na askari, na yeye mwenyewe akawa mkuu wa gereza. Wafungwa waliomlilia watoke walikuwa wanamlilia mtu anayehitaji jaribio liendelee. Lilisimamishwa siku ya sita, baada ya Christina Maslach, mwanasaikolojia aliyefika kutoka nje, kupinga waziwazi alichokiona. Kamati inatakiwa kuwa na macho ya namna hiyo, mapema.

Swali: Nilipe washiriki?

Nauli na fidia ya muda, ndiyo. Mpe hata akiacha dakika ya tano.

Swali: Nimeshamaliza kuchambua, na mshiriki amenipigia simu akitaka nimwondoe. Nifanyeje?

Mwondoe. Kama ulifanya kazi vizuri, majina yapo kwenye karatasi moja yenye namba za siri, imefungiwa mbali na majibu. Tafuta namba yake, futa sauti, futa maandishi, kisha rudia hesabu bila yeye. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022, zinakukumbusha kuwa taarifa za mtu si mali yako. Ikiwa uliharibu orodha ya majina kwa ajili ya usiri na humwoni tena, mweleze hivyo kwa ukweli. Lakini tarehe ya kuiharibu ilipasa awe ameambiwa siku ya kwanza. Usimwulize sababu. Ukimaliza, mpigie umjulishe kuwa ameshaondolewa.