Maji ya Bwawa na Nywele Zako

Kwa wanaoogelea Bukoba na Muleba

Mkoa wa Kagera unayajua maji na unajua yanavyoua. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba, watu 19 wakafariki. Hatusemi kuogelea kungewaokoa wote. Tunasema tu kwamba anayeishi kando ya Ziwa Victoria, awe Nyanga, Kashai, Kemondo au kisiwani Bumbire, anahitaji ujuzi huu kuliko mtu wa Dodoma.

Wanaume na wavulana hujifunza, kwa namna zao. Akina mama na mabinti wengi hubaki ukingoni, na mojawapo ya sababu hutajwa kwa sauti ndogo: "Nimetoka saluni jana." Wapo wanaoicheka sababu hiyo. Sisi hatuicheki. Nywele zina gharama, zina saa nyingi za kukaa kwenye kiti cha msusi, na klorini kweli huziharibu. Ila uharibifu huo unazuilika, tena kwa vitu vingi ambavyo tayari viko nyumbani.

Mbona tusiogelee ziwani tu?

Maana ziwani hakuna klorini. Ni kweli, lakini kuna kichocho. Konokono wa kandokando ya ziwa huachia viluwiluwi vya minyoo vinavyopenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache, bila kidonda na bila mtu kuhisi lolote la maana. Kichocho cha huku kwetu hushika zaidi utumbo na ini: tumbo huuma, choo hutoka na damu, na baada ya miaka ini huharibika. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inafanya kazi, lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi majini. Klorini ya bwawa linalotunzwa vizuri huviua viluwiluwi hivyo. Kati ya nywele kavu na ini bovu, uchaguzi si mgumu.

Klorini hufanya nini kwenye unywele

Unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa, na juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta. Klorini huula utando huo kwanza. Magamba yakikosa mafuta huinuka, maji huingia na kutoka ovyo, na klorini hufika ndani kwenye protini inayoupa unywele nguvu. Mara moja au mbili hutaona kitu. Ukiogelea mara tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa, utaona ncha zinapasuka, kitana kinakwama, na nywele zinakatika katikati badala ya kung'oka kwenye mzizi.

Nywele zetu za kipilipili zina udhaifu wa ziada. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa hushindwa kuteremka kwenye unywele uliojisokota, hivyo ncha huwa kavu hata kabla ya bwawa. Nywele za dawa ziko hatarini zaidi, kwa sababu dawa ya kulainisha imeshavunja sehemu ya viungo vya protini vile vile ambavyo klorini huvishambulia. Aliyepaka dawa akae walau wiki moja bila kuogelea, na asipake dawa juu ya nywele ambazo hazijaoshwa maji ya bwawa yakaisha.

Lipo na lile la nywele kugeuka kijani. Klorini husingiziwa, lakini rangi hiyo hutoka kwenye shaba, inayoingia majini kupitia mabomba au dawa za kuua mwani wa bwawa. Huonekana kwa waliopausha nywele au waliozipaka rangi ya dhahabu. Mwenye nywele nyeusi hataiona.

Na harufu? Watu huingia bwawani, wakanusa, wakasema "leo wamezidisha dawa." Mara nyingi ni kinyume chake. Harufu kali inayochoma macho hutoka kwenye kloramini, yaani klorini iliyokwisha kukutana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Kwa hiyo kuoga kabla ya kuingia, na kutokojoa bwawani (watu wazima wanajijua), ni sehemu ya kutunza nywele za kila mtu. Mwulize pia mhudumu bwawa hutiwa dawa saa ngapi. Kwa kawaida ni jioni, kwa kuwa jua huipunguza klorini haraka. Usiingie dawa ikiwa imetoka tu kutiwa. Kiwango cha kawaida ni miligramu 1 hadi 3 za klorini kwa lita moja ya maji, na mhudumu makini ana kipimo cha kukuonyesha.

Kabla ya kuingia

Ukifanya jambo moja tu kati ya yote yaliyomo humu, liwe hili: lowesha nywele kwa maji safi hadi ziwe chepechepe. Unywele mkavu hunyonya maji hadi karibu theluthi ya uzito wake. Ukishashiba maji safi, nafasi ya kunyonya maji ya bwawa inabaki ndogo.

Maji bora kwa kazi hiyo yanatoka mbinguni. Bukoba hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na maji ya mvua hayana klorini wala chumvi. Nyumba yenye bati, mfereji na simtanki tayari ina maji ya kuloweshea na kusuuzia. Jaza chupa mbili za lita moja na nusu uende nazo.

Kisha paka mafuta. Ya nazi ndiyo tunayoyapendekeza kwanza, kwa sababu huingia ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini. Mafuta mengi mengine hukaa juu tu. Ya parachichi nayo yanafaa. Paka kidogo, uzito ukiwa kwenye ncha, kisha funika kwa kofia, kwani mafuta yakielea bwawani huziba chujio na mwenye bwawa ana haki ya kulalamika.

Kofia ya silikoni haivuti nywele kama ya mpira wa kawaida. Haizuii maji yote, lakini hupunguza sana yanayopita. Wenye rasta au nywele nyingi watafute kofia kubwa. Kofia hizo zina historia yake: mwaka 2021 shirikisho la kuogelea duniani lilikataa kofia za Soul Cap, zilizotengenezwa kwa ajili ya nywele nyingi, zisitumike Olimpiki ya Tokyo, kisha likaziruhusu Septemba 2022. Na kwa dada zetu wa Kiislamu, huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili na kichwa, kwa hiyo stara haizuii somo.

Baada ya kutoka

Suuza papo hapo, kabla hata ya kuvaa. Klorini inayokaukia kichwani huendelea na kazi yake njiani kurudi nyumbani. Anayeogelea mara nyingi anaweza kuponda kidonge cha vitamini C cha kawaida kutoka duka la dawa, akakiyeyusha kwenye lita moja ya maji na kujimwagia. Vitamini hiyo huiondolea klorini nguvu mara moja. Usitumie vile vya kutafuna, vina sukari. Ndimu mbichi nayo tunaikataa, inachoma kichwa.

Shampuu mara moja kwa wiki inatosha, mbili zikizidi. Siku nyingine suuza, paka kondishena, chana kwa kitana chenye meno mapana ukianzia ncha kwenda juu.

Wigi livue. Rasta zikamue kwa taulo moja baada ya nyingine, kisha ziache zipigwe hewa hadi mizizi ikauke. Kufunga kilemba juu ya rasta mbichi ni kukaribisha ukungu na harufu.

Watoto

Wanafunzi wengi wa shule za msingi za serikali wananyolewa, basi kwao kusuuza kunatosha. Kila mtoto awe na taulo na kofia yake. Mapunye huambukizwa kwa kushirikiana vitu hivyo, na mtoto mwenye mabaka yanayonyonyoka nywele apelekwe zahanati badala ya saluni. Dawa ya kupaka peke yake haifiki ndani ya mzizi wa unywele. Ataandikiwa ya kumeza, na aimalize hata mabaka yakipotea mapema.