SOMO: KWA NINI SHIMO JEUSI HALIONEKANI

Mwaka 1783 kasisi wa Kanisa la Uingereza, John Michell, mchungaji wa mtaa wa Thornhill huko Yorkshire, alimwandikia barua rafiki yake Henry Cavendish. Barua hiyo ilisomwa London mbele ya Royal Society mwezi Novemba. Ndani yake mlikuwa na swali: Je, yaweza kuwako nyota ambayo nuru yake haitufikii kamwe?

1. Hoja ya Michell. Jiwe likirushwa juu hurudi, maana dunia hulivuta. Ili lisirudi yapasa liende kilometa 11 kwa sekunde. Kutoka kwenye Jua, kilometa 618 hivi. Nuru huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo hutoka bila shida. Lakini alipopiga hesabu aliona kwamba nyota yenye upana wa Jua mara 500, nayo imeshikamana kama Jua, ingeirudisha nuru yake yote.

2. Tunayoyajua leo. Michell alidhani nuru hupungua mwendo kama jiwe. Sivyo. Tangu kazi ya Einstein ya mwaka 1915 twafahamu kwamba kitu kizito huipinda nafasi yenyewe. Ndani ya mpaka wa shimo jeusi njia zote zaelekea ndani, na nuru haina pa kutokea. Jicho nalo huona kwa nuru inayolifikia tu.

3. Lajulikanaje basi? Michell alijibu hata hilo: tuangalie mwendo wa nyota iliyo jirani. Barua yake ilisahauliwa muda mrefu, lakini ndivyo ilivyokuja kuwa. Mwaka 1971 wataalamu walilitambua shimo jeusi la Cygnus X-1 kwa nyota inayozungukana nalo. Na mwaka 2019 ilitolewa picha kutoka galaksi M87: giza katikati ya pete ya nuru. Nuru ile ni ya gesi yenye moto mkali iliyo nje ya mpaka. Giza ni kivuli cha shimo lenyewe.

Basi tushike neno hili: kutoonekana si kutokuwapo. Kitu kisichoonekana hujulikana kwa yale kinachoyatenda kwa jirani zake.

Maswali ya kuzungumza
(a) Kwa nini nuru hutoka kwenye Jua lakini haitoki kwenye shimo jeusi?
(b) Ni mambo gani mengine tunayoyajua kwa matendo yake tu?