Mlimau katika Debe, Damu Mwilini

Katika kliniki ya mama na mtoto tunawaona wengi wenye upungufu wa damu. Viganja vimepauka, na mama hutweta akipanda kilima kidogo tu. Sababu ni nyingi: malaria, minyoo, uzazi wa karibu karibu, na chakula. Mwezi huu tuzungumzie chakula, na mti mmoja unaoweza kukaa mlangoni hata kwa mpangaji wa chumba kimoja Tarime mjini, Sirari au Mugumu.

Kwa nini limau?
Familia nyingi hula ugali kwa mboga za majani au maharage. Vyakula hivi vina madini ya chuma yanayojenga damu, lakini mwili huyapokea kwa shida. Vitamini C iliyomo katika limau husaidia yapokelewe. Kamulieni limau kwenye mboga iliyokwisha kuepuliwa, kwa kuwa moto hupunguza vitamini hiyo. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huyazuia madini hayo. Ngojeni saa moja au mbili.

Kupanda
Debe la lita 20 lililotobolewa chini linafaa. Msitumie kamwe chombo kilichokuwa na dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya kunyunyizia mimea, ni sumu. Changanyeni udongo mweusi sehemu 2, samadi iliyooza vizuri sehemu 1 na mchanga sehemu 1. Mche uliobebeshwa huzaa mapema kuliko wa mbegu. Wekeni debe penye jua, mahali ambapo mbuzi hawafiki.

Kumwagilia
Chomekeni kidole katika udongo. Ukiwa mkavu, mwagilieni mpaka maji yatoke chini. Msiache maji yatuame kwenye sahani chini ya debe, kwani mbu watazaliana humo.

Kupogoa
Pogoeni baada ya kuvuna, siku isiyo na mvua, kwa kisu kikali kilichooshwa. Ondoeni:
1. Matawi yaliyokauka au yenye ugonjwa.
2. Matawi yanayosuguana, ili mwanga uingie katikati.
3. Machipukizi yanayotoka chini ya mahali pa kubebeshea. Hayo ni ya mti mwingine, nayo hunyonya nguvu bure.
Msikate zaidi ya robo ya matawi kwa mara moja.

Hadhari
Mlimau una miiba, na samadi huweza kuwa na vijidudu vya pepopunda. Aliyechomwa aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha aende zahanati kuulizia chanjo. Watoto wanawe mikono baada ya kushika samadi.

Tena, limau si dawa ya malaria, wala halichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu ambavyo mjamzito hupewa kliniki. Mtoto mwenye homa au viganja vyeupe apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mti hulinda polepole. Ugonjwa haungoji mti uzae.