Kusomea haki ya jinai ng'ambo: Maswali matatu kabla ya kulipa karo

Mwanafunzi wa haki ya jinai husomea kazi ya polisi, mahakama na magereza, na mambo hayo hayafanani katika kila nchi. Kabla ya familia kuuza shamba au kuchukua mkopo, jiulizeni maswali haya. Mfano wetu ni Uingereza.

1. Je, masomo yatakufaa nyumbani?
England na Wales zina vikosi 43 vya polisi vya maeneo, na kesi nzito huamuliwa na jopo la raia 12. Kenya ina Huduma moja ya Kitaifa ya Polisi, na uamuzi ni wa hakimu au jaji. Chagua masomo yanayofaa kokote, kama vile uhalifu wa mitandaoni, haki za watoto na urekebishaji wa wafungwa.

2. Je, shahada itatambuliwa?
Iulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) kabla ya kusafiri. Kumbuka pia kwamba shahada ya haki ya jinai si shahada ya sheria. Haitakufanya wakili.

3. Je, pesa zipo kweli?
Kwa viza, pesa zinazohitajika sharti zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kufanya kazi saa 20 pekee kwa wiki wakati wa muhula. Usitegemee kibarua kulipa karo.

Jibu moja likikosekana, msilipe chochote kwanza.